Bwana yuko London, shamba liko Norfolk: nani aliendesha mali ya kabaila wa Kiingereza katika karne ya 19?

Ndugu msomaji, umeandika kwamba katika kusoma historia ya Uingereza unakutana mara kwa mara na bwana mwenye maelfu ya ekari ambaye hukaa London miezi mingi, akihudhuria Bunge na karamu, na bado fedha za shamba zinamfikia. Umeuliza ni nani hasa aliyekuwa akiiendesha mali hiyo, mkulima aliyepanga shamba alikuwa na kinga gani asifukuzwe, na kwa nini mpango uliodumu muda mrefu hivyo ulikuja kulegea. Nitayajibu yote matatu, ila nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa kuwa bila hilo mengine hayaeleweki: bwana yule, mara nyingi, hakuwa na mamlaka kamili juu ya ardhi iliyoitwa yake.

Sehemu kubwa ya mashamba makubwa ya Uingereza ilikuwa imefungwa kwa hati ya kifamilia. Kwa hati hiyo, aliyeitwa mmiliki alikuwa na haki ya kula mapato ya ardhi muda wote wa uhai wake, lakini hakuruhusiwa kuiuza wala kuigawa, na mara nyingine alikatazwa hata kukata miti mikubwa ya mbao, maana ardhi yenyewe ilikwisha kuwekwa kwa ajili ya mwanawe wa kwanza na wale watakaomfuata. Msomaji wa pwani ataona hapa kitu kinachokaribiana na wakfu wa familia, na ulinganisho huo unasaidia hadi mahali fulani; tofauti ni kwamba hati ya Kiingereza haikudumu milele, bali ilifungwa upya kila kizazi. Kijana wa kwanza alipotimiza miaka 21, au alipokaribia kuoa, aliketi na baba yake mbele ya mwanasheria, akakubali kuifunga ardhi kwa kizazi kingine, naye akaanza kupata posho ya kila mwaka tangu wakati ule. Kijana asiye na kitu mfukoni hakuwa na sababu nyingi za kukataa.

Hati hiyo haikuifunga ardhi tu, bali iliyagawa pia mapato kabla hayajapatikana. Mama atakayebaki mjane alitengewa posho yake, wadogo wa mrithi walitengewa mafungu yao, na mabinti walitengewa fedha za kwenda nazo kwa waume zao. Na kwa kuwa fedha hizo hazikuwako taslimu, ardhi iliwekwa rehani ili zipatikane. James Caird, aliyezunguka mikoa ya Uingereza mwaka 1850 na 1851 kuchunguza hali ya kilimo, alikadiria wastani wa kodi ya shamba kuwa shilingi 27 na peni 2 kwa ekari kwa mwaka. Chukua basi mali ya ekari 10,000 kwa shilingi 27: kwa kuwa pauni moja ilikuwa shilingi 20, kodi ya mwaka ni pauni 13,500. Ni fedha nyingi mno, hasa ukikumbuka kwamba kibarua wa shambani katika mikoa ya kusini, kwa hesabu ya Caird huyo huyo, alipata shilingi 8 na peni 5 kwa wiki. Lakini toa posho ya mjane, toa mafungu ya wadogo, toa riba ya rehani aliyoiweka babu, toa matengenezo ya nyumba na maghala, toa mishahara, ndipo utaelewa kwa nini bwana mwenye jina kubwa angeweza kuwa mtu wa kukopa kila mwaka. Madai hayo hayakupungua mvua ilipoharibu mavuno. Kazi ya kuhakikisha kwamba kodi inaingia kwa wakati, mwaka mzuri na mwaka mbaya, ilimwangukia msimamizi wa mali.

Wasimamizi walikuwa wa namna mbili. Mwanzoni mwa karne walikuwa wengi wale mawakili wa mji wa jirani, waliokusanya kodi pamoja na shughuli zao nyingine za wosia na mikataba, wakifika shambani mara mbili kwa mwaka na kuondoka na fedha. Hawa walijua sheria lakini hawakujua udongo, na waandishi wa kilimo wa zama zile hawakuwasifu. Namna ya pili ni msimamizi aliyekaa papo hapo, mwenye ofisi, makarani na farasi wake, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo tu. Chini yake alikuwapo nyapara wa shamba lililolimwa na bwana mwenyewe, msimamizi wa misitu, mlinzi wa wanyama wa mawindo, na fundi mkuu wa karakana ambamo maseremala na waashi walitengeneza malango, paa na mazizi ya mali nzima. Polepole kazi hii ikawa taaluma: chuo cha kilimo kilianzishwa Cirencester mwaka 1845, na chama cha wapima na wathamini wa ardhi kikaundwa London mwaka 1868. Wenye mali ndogo, ya ekari elfu moja au mbili, walifanya kazi hii wenyewe, au walimlipa msimamizi aliyehudumia familia kadhaa kwa pamoja.

Msimamizi anayetajwa zaidi ni James Loch, Mskoti aliyesomea sheria Edinburgh, ambaye mwaka 1812 alikabidhiwa mali za Marquess wa Stafford: Trentham katika Staffordshire, Lilleshall katika Shropshire, na eneo kubwa la Sutherland kaskazini mwa Uskoti lililokuwa urithi wa mke wa bwana huyo. Loch hakuweza kuwapo kila mahali, hivyo alitawala kwa barua. Kila eneo lilikuwa na msimamizi mdogo aliyempelekea taarifa, naye akajibu kwa maelekezo ya mambo makubwa na madogo. Katika Staffordshire na Shropshire aliunganisha vishamba vidogo kuwa mashamba makubwa, akachimba mitaro ya kutoa maji, akajenga nyumba mpya na maghala ya matofali. Huko Sutherland, chini ya usimamizi ule ule, watu waliondolewa katika mabonde waliyolima wazee wao, wakasukumwa pwani, ili mabonde yapangishwe kwa wafugaji wa kondoo. Patrick Sellar, aliyekuwa msimamizi mdogo huko na wakati huo huo mpangaji wa shamba la kondoo, alishtakiwa Inverness mwaka 1816 kuhusu namna watu walivyoondolewa, akaachiwa huru. Mwaka 1820 Loch alitoa kitabu cha kuitetea kazi yake yote.

Nimeutaja mkasa wa Sutherland, ingawa si Uingereza yenyewe, kwa sababu unajibu swali lako la pili kuliko maelezo marefu ya sheria. Mabwana walikuwa wale wale, msimamizi yule yule na daftari lile lile, lakini mkulima wa Lilleshall hakufanyiwa alivyofanyiwa mkulima wa Strathnaver, bonde mojawapo la Sutherland. Sababu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba mpangaji mkubwa wa Uingereza aliingia shambani na mtaji wake, na yule wa Strathnaver hakuwa nao. Kwa sehemu kubwa ya karne, kinga ya mpangaji wa Kiingereza ilikuwa fedha alizozika katika shamba la mwingine, na ugumu wa kumpata mtu mwingine mwenye fedha kama hizo.

Tuone ubia huu wa mwenye ardhi na mpangaji ulivyokuwa. Mwenye ardhi alitoa ardhi, nyumba ya mkulima, maghala, mazizi, malango na, baadaye, mabomba ya kutoa maji chini ya udongo. Mpangaji alileta farasi, ng'ombe, kondoo, majembe ya kukokotwa, mbegu, mbolea, na fedha za kuwalipa vibarua hadi mavuno yauzwe. Katikati ya karne ilisemwa kwamba mtu asiingie shamba zuri bila pauni 8 hadi 10 kwa kila ekari. Kwa hiyo shamba la ekari 300 lilimtaka mpangaji awe na pauni 2,400 hadi 3,000 mkononi. Huyo alikuwa tajiri wa kijiji, anayekula nyama kila siku na kupeleka watoto shule, na ambaye kibarua wake alimvulia kofia kama alivyomvulia bwana. Ukiliwaza neno mpangaji kwa sura ya mkulima mnyonge mwenye jembe la mkono, utaisoma vibaya karne nzima.

Kwa hiyo kazi nyeti kuliko zote katika ofisi ya msimamizi ilikuwa kumchagua mpangaji. Shamba lilipokuwa wazi, barua za maombi zilifika kwa wingi katika miaka ya bei nzuri. Msimamizi mwenye busara hakumpa aliyeahidi kodi kubwa kuliko wote. Mtu anayeahidi kupita kiasi hulipa miaka miwili, kisha huanza kuikamua ardhi: hupanda ngano juu ya ngano, huuza majani makavu na samadi nje ya shamba, huacha mitaro izibe, na mwishowe huondoka akiacha deni na udongo uliochoka. Msimamizi alipanda farasi akaenda kulitazama shamba ambalo mwombaji alikuwa akililima wakati huo, akaangalia magugu, hali ya malango na unono wa mifugo, akawauliza majirani na mfanyabiashara wa nafaka. Si hayo tu aliyoyauliza. Katika mali nyingi dhehebu la mwombaji na upande wake wa siasa vilihesabiwa pia, na mtu aliyesali nje ya Kanisa la Anglikana aliweza kukuta mlango umefungwa bila kuelezwa sababu.

Baada ya kuchaguliwa, mpangaji alitia saini masharti. Alikatazwa kuvuna nafaka mbili mfululizo katika shamba moja, alikatazwa kuuza majani makavu na samadi, na alikatazwa kulima malisho ya zamani. Aliyekiuka alitozwa faini nzito kwa kila ekari. Masharti haya yanasomeka kama amri za mtu anayependa kutawala, na wapangaji hodari waliyachukia kwa sababu hiyo. Lakini yatazame kwa macho ya msimamizi: ndiyo namna pekee aliyokuwa nayo ya kulinda rutuba ambayo kwa hati ya familia ilikuwa mali ya mtoto ambaye pengine alikuwa bado hajazaliwa.

Mahali panapotajwa sana kwa mikataba mizuri ni Holkham, katika Norfolk, kwa Thomas William Coke, aliyefariki mwaka 1842 akiwa Earl wa Leicester. Coke alitoa mikataba ya miaka 21, akiwataka wapangaji wake wafuate mzunguko wa tanipu, shayiri, klova na ngano, ambamo kondoo walilishwa tanipu papo hapo shambani wakaacha samadi yao katika udongo mwepesi wa kichanga. Kila mwaka hadi 1821 aliwaalika wakulima na wageni kutoka nchi nyingi kushuhudia kondoo wakikatwa manyoya na mashamba yakikaguliwa. Sifa zake zilivuma kupita kipimo. Mzunguko huo ulikuwa ukifuatwa Norfolk kabla yake, na mikataba mirefu ilikuwako Holkham enzi za waliomtangulia. Kazi ya ofisini, ile isiyoimbwa, ilifanywa tangu mwaka 1816 na Francis Blaikie, Mskoti aliyetoka kuitumikia mali nyingine huko Derbyshire. Yeye aliandika upya masharti ya mikataba, akapanga hesabu, na kwa miaka 16 alimzuia bwana wake asiamini kwamba kila mwaka ungekuwa kama miaka ya bei za juu ya vita vya Napoleon.

Mikataba mirefu kama ya Holkham haikuwa desturi ya nchi nzima. Sehemu kubwa ya wakulima walipanga mwaka hadi mwaka, na kisheria wangeweza kuondolewa kwa notisi ya miezi sita tu. Hapa ndipo swali lako linapochoma. Lakini ukipitia madaftari ya kodi ya mali kubwa, utaona majina ya familia zile zile miaka 40, 60, wakati mwingine zaidi: baba, kisha mjane wake, kisha mtoto. Mjane kuachiwa shamba hakukuwa jambo la ajabu ikiwa alikuwa na mtoto wa kumsaidia na mifugo ilikuwa imebaki. Kumfukuza mpangaji kulikuwa hasara kwa bwana mwenyewe: shamba lingekaa wazi msimu mzima, mpangaji mpya angedai matengenezo kabla ya kuingia, na habari ingeenea sokoni kwamba mali ile haina utulivu, hata waombaji wenye fedha wakaikwepa.

Kasoro ya mpango huu haikuwa kufukuzwa kwenyewe. Mkulima aliyemwaga chokaa, unga wa mifupa na mbolea ya kununua alikuwa ameweka fedha ambazo zingerudi baada ya miaka kadhaa, na akiondoka kabla ya hapo, au kodi ikipandishwa kwa sababu shamba limekuwa zuri, fedha zake zilimwendea mwenye ardhi. Katika Lincolnshire desturi ilikwisha kulipatia jambo hili dawa: mpangaji anayeingia alimlipa anayetoka thamani ya mbolea na chakula cha mifugo ambavyo faida yake ilikuwa haijaisha udongoni, kwa makadirio ya wathamini wawili. Philip Pusey, mbunge na mwenye ardhi, alijitahidi katika miaka ya 1840 kuifanya desturi hiyo kuwa sheria ya nchi, na kamati ya Bunge ya mwaka 1848 ilichunguza desturi za kila mkoa, lakini muswada haukupita. Sheria ilikuja mwaka 1875, nayo ikaiweka fidia katika madaraja: miaka 20 kwa majengo na mitaro, miaka 7 kwa chokaa na mifupa, miaka 2 kwa mbolea ya kununua. Iliongeza pia muda wa notisi kutoka miezi sita hadi mwaka mmoja. Ila iliruhusu pande mbili kujitoa kwa maandishi, na mawakili wa mabwana wengi walihakikisha kwamba maandishi hayo yanatiwa saini mara moja. Ilibidi kungoja sheria ya mwaka 1883 ndipo fidia ikawa haki isiyoweza kuondolewa kwa mkataba.

Mwaka wa kazi ulizunguka siku mbili: tarehe 25 Machi, sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari, na tarehe 29 Septemba, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Kodi iliiva siku hizo, lakini kwa desturi ililipwa miezi kadhaa baadaye, pengine nusu mwaka mzima, ili mkulima apate kuuza nafaka au mifugo kwanza. Ucheleweshaji huu uliokubaliwa ulikuwa mkopo usio na riba kutoka kwa mwenye ardhi, na mkulima aliyeanza na mtaji mdogo aliutegemea sana. Siku ya malipo wapangaji walikusanyika ofisini au katika nyumba ya wageni ya kijiji. Mmoja mmoja waliingia, wakaweka fedha mezani, wakapewa risiti, na kila mtu akatumia nafasi hiyo kusema lake: paa linavuja, mtaro wa jirani unamfurikia, sungura wamekula klova. Kisha wakaandaliwa chakula cha nyama na pombe kwa gharama ya bwana, na bwana mwenyewe, kama yuko, akanyanyua glasi. Usiidharau karamu hiyo. Ndipo msimamizi aliposikia nani anayumba kabla hajayumba.

Hesabu alizoziandika baada ya hapo zina umbo ambalo huwasumbua watafiti wengi. Msimamizi alijiandikia upande mmoja fedha zote alizopaswa kupokea, na upande wa pili alionyesha alivyojivua mzigo huo: amelipa hiki, amepeleka benki hiki, na kodi hii haijalipwa. Lengo la hesabu hizo lilikuwa kuthibitisha kwamba msimamizi hakuiba. Hazikukusudiwa kuonyesha kama shamba lilizaa faida. Ukitafuta faida humo utahangaika bure, ila ukitafuta malimbikizo ya kodi utaipata historia nzima ya kilimo imeandikwa.

Malimbikizo hayo ndiyo yaliyoupima ustadi wa msimamizi. Bei ya ngano, iliyokuwa wastani wa shilingi 126 na peni 6 kwa kipimo cha takriban kilo 220 mwaka 1812, ilikuwa imeanguka hadi shilingi 44 na peni 7 mwaka 1822, ijapokuwa sheria ya mwaka 1815 ilizuia ngano ya nje kuingia hadi bei ya ndani ifike shilingi 80. Wapangaji waliokuwa wametia saini kodi za wakati wa vita hawakuweza kulipa. Sheria ilimpa mwenye ardhi silaha kali: angeweza kukamata mifugo na mazao yaliyo shambani bila kwenda mahakamani. Lakini mpangaji aliyekamatiwa ng'ombe hana tena cha kulimia, na msimamizi aliitumia silaha hiyo kwa yule tu ambaye alikwisha kumkatia tamaa. Kwa wengine alirudisha mkononi asilimia 10 au 15 ya kodi siku ile ile ya malipo, akiacha kiwango kilichoandikwa daftarini bila kuguswa. Huo haukuwa mchezo wa makarani. Kodi iliyoandikwa ndiyo iliyoithaminisha ardhi mbele ya waliokopesha fedha kwa rehani ya ardhi hiyo.

Baada ya sheria ya kuzuia ngano ya nje kufutwa mwaka 1846, Serikali ilitenga pauni milioni 2 za kukopeshwa wenye ardhi wa Uingereza na Uskoti ili watoe maji katika udongo mzito, zikirudishwa kwa asilimia 6 na nusu kila mwaka kwa miaka 22. Mashine za kufyatua mabomba ya udongo zilikuwa zimeanza kazi, na wasimamizi walizika mabomba hayo chini ya mashamba kwa maelfu ya maili. Mpangaji aliombwa kuyabeba kwa magari yake ya farasi, na mara nyingi kuongeza kodi ya asilimia 5 ya gharama. Ukilinganisha asilimia 5 na 6 na nusu utaona kwamba pengo lilikuwa juu ya bwana. Mengi ya mabomba hayo hayakurudisha gharama zake.

Kuhusu mawindo na kura nitasema kwa ufupi. Wanyama na ndege wa mawindo walihifadhiwa kwa ajili ya bwana na wageni wake, hata wanapokula mazao ya mpangaji, hadi sheria ya mwaka 1880 ilipompa mkulima haki ya kuua sungura katika shamba lake bila mkataba wowote kuweza kumnyima. Kura nayo, tangu mwaka 1832 wapangaji wa mwaka hadi mwaka waliolipa pauni 50 au zaidi walipewa haki ya kuipiga, na kwa kuwa ilipigwa hadharani, msimamizi alijua nani amempigia nani. Wachache walifukuzwa kwa ajili ya kura, nadhani kwa sababu wachache walithubutu. Kura ya siri ilikuja mwaka 1872.

Umewasahau vibarua katika swali lako, na usiwe na haya, maana madaftari ya msimamizi nayo yaliwasahau. Hawakuwa wapangaji wa shamba. Waliajiriwa na mpangaji, na wengi walikaa katika nyumba za bwana au za mpangaji huyo. Mzigo wa kulisha maskini uliwekwa kwa kila parokia, kwa hiyo mmiliki wa parokia nzima alikuwa na sababu ya kubomoa nyumba ndogo badala ya kuzijenga, ili asije akabebeshwa gharama ya kuwatunza vibarua waliozeeka. Vibarua walisongamana katika kijiji cha jirani chenye wamiliki wengi wadogo, wakatembea maili nyingi kwenda kazini. Sheria ya mwaka 1865 iliugawa mzigo huo kwa muungano mzima wa parokia. Kuna waliojenga nyumba bora, Duke wa Bedford akiwa mmoja wao, lakini kibarua wa shilingi 8 hakuweza kulipa zaidi ya shilingi 1 au 2 kwa wiki, na nyumba nzuri kwa kodi hiyo ilikuwa sadaka. Mashine za kupura zilizovunjwa kusini mwaka 1830 zilikuwa za wapangaji, na chama cha vibarua alichokiongoza Joseph Arch mwaka 1872 kiligombana na wapangaji juu ya mishahara kabla ya kugombana na bwana yeyote. Ubia wa mitaji miwili haukuwa na nafasi ya mtu wa tatu asiye na mtaji.

Sasa swali lako la tatu. Ngano iliyouzwa, kwa kipimo kile kile, kwa shilingi 56 na peni 9 mwaka 1877 iliuzwa kwa shilingi 22 na peni 10 mwaka 1894, kwa kuwa reli na meli za mvuke zilileta ngano ya Marekani kwa gharama ndogo. Na katikati yake ukatokea mwaka 1879, mwaka wa mvua zisizokoma, ambapo mavuno yalikuwa mabaya na bei haikupanda. Hilo la mwisho ndilo lililowavunja moyo. Zamani mavuno mabaya yalifidiwa na bei nzuri. Katika Essex, kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, mashamba yalikosa wapangaji kabisa, wamiliki wakalazimika kuyalima wenyewe kwa hasara. Walioyaokoa baadhi yake walikuwa wakulima kutoka Ayrshire, Uskoti, waliohamia na ng'ombe wao wa maziwa, wakapata mashamba kwa kodi ndogo sana na kupeleka maziwa London kwa reli. Msimamizi aliyezoea kuchagua kati ya waombaji kumi sasa alimbembeleza mmoja.

Wakati huo huo sheria ya mwaka 1882 ilimruhusu aliyefungwa na hati ya familia kuuza ardhi, mradi fedha ziwekwe mikononi mwa wadhamini, na mwaka 1894 Waziri wa Fedha Sir William Harcourt akaanzisha kodi ya mirathi iliyogusa ardhi kama mali nyingine, hadi asilimia 8 kwa mali kubwa kabisa. Wenye akili waliuza walipopata mnunuzi, na wengine walitafuta bahati mbali. Wasomaji wa Kenya wanamjua mmoja wao: Lord Delamere, aliyerithi mali ya Vale Royal huko Cheshire mwaka 1887 akiwa na miaka 17, aliiweka rehani nzito ili kugharimia ngano, kondoo na ng'ombe wake katika Bonde la Ufa, katika ekari zipatazo 100,000 alizopewa Njoro mwaka 1903 bila wenyeji wake kuulizwa. Wapangaji wa Cheshire waliilipia kwa kodi zao ngano iliyokuwa ikiharibiwa na ugonjwa wa kutu maili elfu kadhaa kutoka kwao.

Waliobaki walikuwa wale wenye mapato mengine. Mwaka 1897 Duke wa Bedford alichapisha hesabu za mashamba yake ili kuonyesha kwamba Woburn na Thorney zilimla fedha badala ya kumlisha. Aliweza kuvumilia kwa sababu alimiliki pia mitaa mizima ya London. Wasio na mitaa London waliuza, na mauzo makubwa kabisa yalifanyika kati ya mwaka 1918 na 1921, wanunuzi wengi wakiwa wapangaji wenyewe, waliokopa benki kwa bei za juu za wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wasije wakamwona mgeni akiinunua ardhi waliyoilima. Mwaka 1921 Serikali iliifuta ahadi yake ya kuwahakikishia wakulima bei ya nafaka, na bei zikaanguka. Katika miaka iliyofuata wakulima hao walilipa riba ya benki kila nusu mwaka, kwa tarehe iliyoandikwa, na siku ya malipo hapakuwa na msimamizi wa kuwarudishia asilimia 15.